Kikapu cha Mzee Simfukwe na Makombo ya Krismasi

Juzi, siku ya tatu baada ya Krismasi, mke wa mjukuu wangu alinikuta nyuma ya jiko nimeinamia ndoo ya makombo, mkono mmoja umeshika paja la kuku na mwingine donge la pilau lililochacha. Alisimama akaniangalia. Nilijua anachofikiri: babu ana njaa na anaona haya kusema, au babu ameanza kupotewa na akili. Jioni nilimsikia akinong'ona na mumewe. Kesho yake niliwekewa sahani iliyojaa mpaka inamwagika, na watu wawili wakakaa kunitazama kama nitaimaliza.

Sikuimaliza. Nusu yake ilirudi kwenye ndoo ileile.

Ndiyo maana nawaandikia, wajukuu zangu na ninyi wengine mnaopika sufuria tatu kwa watu saba kila sikukuu. Mimi nilikuwa mpishi. Nilipika miaka thelathini na moja, ile ya mwanzo wakati wa Mwingereza, katika nyumba za wenye mashamba ya kahawa upande huu wa Mbozi. Naweza kuangalia ndoo ya makombo nikakwambia nyumba ile ina mpishi wa namna gani. Lakini kujua huko hakukuja bure. Kulianza na mzee mmoja niliyemharibia kazi.

Jina lake Simfukwe, Mnamwanga wa kule Tunduma, aliyeoa na kujenga Igamba. Alikuwa mpishi mkuu kwenye shamba nilikoajiriwa miaka michache baada ya Vita ya Pili. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeoa, nimesoma misheni mpaka darasa la nne, na nilijiona msomi. Yeye hakujua kusoma hata jina lake. Nilimwita baba, kwa kuwa alinipokea vizuri na alikuwa na umri wa baba yangu.

Nyumba ile iliendeshwa kwa wasiwasi. Bwana alishinda shambani, hakujali ya jikoni. Mkewe, Memsabu, ndiye aliyekuwa na funguo. Alikuwa akisawazisha unga ndani ya pipa kwa kisu, kisha anaandika herufi moja juu yake kwa kidole, leo R, kesho K, ili akirudi ajue kama kuna mtu aliyechota. Siku moja panya alipita katikati ya herufi S. Tulisimamishwa barazani nusu asubuhi, mpishi, mimi, dobi na mtu wa bustani, kila mmoja akionyesha viganja vyake, mpaka Bwana alipokuja kunywa chai akaenda kutazama pipa mwenyewe. Akasema kwamba mwizi ana mkia.

Kuhusu makombo Memsabu alikuwa na amri. Chochote kilichobaki mezani kilitakiwa kufukiwa katika shimo nyuma ya banda la kahawa. Sisi tusionje. Alisema mpishi akiruhusiwa kula mabaki, ataanza kupika mabaki. Sikukuu zilipokaribia alikuwa anakwenda mwenyewe kulitazama lile shimo.

Sasa sikilizeni alivyofanya Simfukwe, maana kuna faida hapa. Yeye hakutaka kuvunja amri na hakutaka kufukia chakula. Kwa hiyo alihakikisha hakuna kinachobaki. Kabla ya wageni kuja alikuwa anauliza: ni wangapi, wanatoka wapi, wana watoto? Mtu aliyesafiri siku nzima kwenye vumbi anakunywa sana na kula kidogo jioni ya kwanza. Njaa yake inakuja kesho. Aliwakumbuka watu kwa sahani zao. Aliniambia, "Yule mwenye ndevu anayetoka machimbo ya dhahabu ya Saza hagusi mafuta. Mkewe anasema ameshiba, halafu anaongeza mara mbili. Mpikie mkewe, usimpikie yeye."

Nyama aliichoma nzima siku ya kwanza, akaipeleka mezani na kuikatia palepale, kila mtu kadiri anavyotaka. Siku ya pili iliyobaki aliikata nyembamba, baridi, na achali ya embe. Siku ya tatu aliisaga, akaitia kitunguu na mchuzi uleule, akaifunika kwa viazi vilivyopondwa na kuirudisha motoni mpaka juu pageuke rangi ya dhahabu; wenyewe waliiita pai. Mifupa aliichemsha tangu asubuhi, akaengua mafuta yaliyoganda juu na kuyatumia kukaangia. Mkate uliokauka aliutwanga akaviringishia samaki. Maziwa yaliyochacha yaliingia kwenye maandazi. Wali alikuwa anautandaza kwenye sinia upoe upesi. Aliniambia wali ukiachwa umefunikwa ndani ya sufuria ya moto unaharibika kabla hujageuka. Na kitu kilichonuka hakukibembeleza. Alikitupa. "Tumbo la mtu si shimo," alisema.

Mimi niliyaona hayo yote kwa macho, lakini kichwani nilikuwa na jambo jingine. Nilikuwa naona kikapu.

Kila alasiri Simfukwe aliondoka na kikapu kimefunikwa kwa jani la mgomba. Kilikuwa kizito, maana alikuwa anakibadilisha mkono kila baada ya hatua chache. Hakupita njia kubwa. Alipita nyuma, kando ya mfereji. Siku moja nilimwambia, "Nikubebee, baba?"

"Acha," akasema. "Kinanuka."

Nikajiambia, huyu ananidanganya. Tangu siku ile nilianza kuhesabu. Nyama imeingia paja zima la nguruwe, shimoni hakuna kitu, na kikapu kizito kinatoka kwa njia ya nyuma. Hata kabichi zilinitia shaka. Mke wa Simfukwe alikuwa akileta kabichi na karoti jikoni kwetu kila Jumatatu, kubwa kuliko za bustani ya Bwana, na mimi nikajiuliza mtu wa kawaida anapata wapi kabichi kama hizo. Sikumuuliza. Mtu ukishaanza kumshuku, kumuuliza kunakuwa kama kumwonya.

Krismasi ya mwaka ule walikuja wageni tisa, wakakaa siku tatu. Simfukwe alipika paja la nguruwe na bata mzinga wawili. Asubuhi ya siku ya nne, wageni wameondoka, Memsabu alifungua kabati la wavu tulimokuwa tunaweka nyama. Tupu. Akaenda shimoni. Hamkuwa na kitu ila maganda ya vitunguu. Akarudi jikoni.

"Simfukwe, nyama iliyobaki iko wapi?"

"Imeliwa, Memsabu."

"Imeliwa na nani?"

"Na wageni."

"Jana wageni walikula pai."

"Ndiyo, Memsabu. Ndiyo hiyo nyama."

Alisema vile kwa upole, lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu na karo na nilimwona Memsabu akibadilika uso. Alidhani anafanyiwa dhihaka. Alasiri, Simfukwe alipokwisha kwenda kwake, Memsabu aliniita barazani peke yangu.

"Elia, wewe ulisoma misheni. Wewe husemi uongo. Simfukwe anatoka na nini kwenye kile kikapu?"

Nikajibu, "Kimefunikwa, Memsabu. Sijui kilichomo. Lakini ni kizito."

Basi. Sikuongeza. Sikusema uongo hata neno moja, na nimetembea na maneno yale mpaka leo. Ningeweza kunyamaza baada ya "sijui". Ningeweza kusema pai ile niliisaga mimi kwa mikono yangu, maana kweli niliisaga mimi. Sikusema. Nitawaambia na sababu, kwa kuwa ni mzee na sina cha kuficha: nilikuwa nafikiri akiondoka, nitapika mimi.

Kesho yake asubuhi Simfukwe hakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha jikoni. Memsabu alimpa pale nje barua yake ya kazi, ile ya kumwonyesha mwajiri mwingine. Mzee alisema jambo moja tu: "Njooni kwangu mtazame. Si mbali." Hakuna aliyekwenda. Aliniangalia, nami nikasema, "Pole, Mzee Simfukwe. Safari njema, Mzee Simfukwe," kama mtu anayemuaga mgeni.

Nikawa mpishi mkuu. Mwaka mzima ulikwenda vizuri, kwa sababu Bwana na mkewe walikuwa wawili na hawakula sana. Halafu ikaja Krismasi.

Wageni walikuwa tisa tena. Mimi nilipika ili waone kwamba naweza. Nilioka mikate sita kwa mara moja. Nyama niliikata yote jikoni, nikaipanga kwenye sahani na kuwapakulia mimi, ikarudi imeumwaumwa, imelowa mchuzi, haifai tena kwa lolote. Wali niliuacha umefunikwa. Asubuhi ulikuwa unanata na kunuka. Siku ya pili nikapika upya, kwa kuwa sikuwa na kitu safi cha kugeuza. Shimo lilijaa siku hiyohiyo. Usiku wa tatu fisi walilichimba, wakasambaza mifupa mpaka mbele ya baraza, na asubuhi mke wa yule mwenye ndevu aliukuta mguu wa bata mzinga kwenye ngazi.

Bwana alisimama juu ya shimo mikono kiunoni. Akasema, "Mwaka jana mpishi wangu alikuwa mwizi na hakikubaki kitu. Mwaka huu nina mpishi mwaminifu na ninalisha fisi." Akamgeukia mkewe. "Yule mzee alikuwa anaiba nini hasa?"

Mimi nilikuwa nimeshika koleo. Niliona kama wote wawili wananitazama, ingawa nadhani hakuna aliyekuwa ananitazama.

Jumapili ile nilikwenda Igamba. Nilimkuta mke wa Simfukwe, Mama Ana, anapalilia. Hakunikaribisha kukaa.

"Umetumwa?" akauliza.

"Sikutumwa, mama."

"Basi umekuja kutafuta nini? Mwaka mzima hamkuja."

Nikamwambia nataka kujua mume wake alikuwa analeta nini kwenye kikapu. Akapiga jembe ardhini mara mbili na kugeuza udongo. Ulikuwa mweusi, mwepesi, umejaa vipande vyeupe. Maganda ya mayai. Akageuza tena: majani ya chai, machicha ya kahawa, majivu ya mifupa. Kahawa iliyolowa ina uzito, wajukuu zangu, na ikikaa siku mbili inanuka kama alivyoniambia.

"Hizi ndizo kabichi mlizokuwa mnakula huko mezani kwenu," Mama Ana akasema. "Takataka zenu zilikuwa zinarudi kwenu. Sasa kazitoe, kama ni mali yenu."

Akanieleza yaliyompata mumewe. Alizunguka na ile barua mashamba matatu, akaenda mpaka Saza. Kila mahali Mzungu anaisoma, anaikunja, anamwambia hakuna kazi. Mwishowe karani mmoja alimhurumia akamsomea. Iliandikwa kwamba mwenye barua hii anapika vizuri lakini achungwe, ana mkono mrefu. Miezi miwili alikuwa anawapelekea watu aibu yake mwenyewe, anaitoa mfukoni kwa heshima na kuwapa kwa mikono miwili. Baada ya hapo alirudi kwao Tunduma, kumpikia mpwa wake aliyefungua hoteli.

Mwaka Mpya nilipewa mapumziko ya juma moja. Nikapanda lori.

Tunduma ya wakati ule ilikuwa maduka machache na kizuizi cha mti barabarani, lakini sikukuu zilijaa watu waliotoka migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, wana mablanketi na baiskeli mpya, wakitafuta chakula. Hoteli ya mpwa wake ilikuwa chumba cha udongo chenye mabenchi. Simfukwe alikuwa uani mbele ya mafiga. Mteja mmoja aliingia akasalimu, "Mwapoleni, mukwai," naye akaitikia kwa furaha. Aliponiona, furaha ikaisha.

"Umekuja kula au umekuja kutazama?"

"Nimekuja kusema."

"Basi sema huku unamenya."

Akanisogezea viazi na kisu. Nikamenya, nikamweleza lote, mpaka lile neno la kizito na sababu yake. Hakunikatiza. Mara kwa mara aliokota ganda nililoangusha, akalitazama kwenye jua kuona kisu kimekula kiazi kiasi gani, akaliweka kwenye karai la nguruwe.

Nilipomaliza akasema, "Nilijua."

"Nani alikuambia?"

"Wewe. Asubuhi ile uliniita Mzee Simfukwe mara mbili. Kabla ya hapo ulikuwa unaniita baba."

Nikamwomba anisamehe.

"Kusamehe nimeshasamehe, hakunisaidii kitu," akasema. "Mimi ninataka barua."

Njia nzima ya kurudi nilijua nini kinanisubiri. Nikisema kweli, nitakuwa nimekiri kwamba nilimpotosha Memsabu, na mimi pia nitapewa barua ya kunifuata kila mlango. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Nilifikiria kusema siku nyingine. Nilipofika shambani Bwana na Memsabu walikuwa barazani wanakunywa chai, nikaenda moja kwa moja na mzigo wangu mkononi, kwa sababu nilijifahamu: nikiingia jikoni kwanza, sitatoka.

Memsabu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Amekupa nini?"

"Hakunipa kitu, Memsabu. Alinipa viazi nimenye."

Hakuamini. Bwana ndiye aliyeniamini, au tuseme aliamini udongo. Jumamosi alinipakia kwenye gari mpaka Igamba. Mama Ana akachimba bila kumsalimu. Bwana alichuchumaa akachota udongo ule mkononi, akaunusa, akauvunja kwa kidole gumba, akaokota ganda la yai. Alikuwa mkulima. Aliuliza swali moja tu, kama kule chini kuna minyoo. Mama Ana akamwonyesha. Usiku huo aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe.

Mimi sikufukuzwa. Memsabu alininyang'anya ufunguo wa stoo aliokuwa amenipa nilipokuwa mpishi mkuu, na miaka yote minne niliyobaki pale alinipimia sukari kwa kijiko kila asubuhi. Aliniambia, "Ungenidanganya kwa uongo ningekukamata. Ulinidanganya kwa ukweli." Sikumlaumu. Kwa mara ya kwanza alikuwa anamshuku mtu anayestahili.

Barua niliipeleka Tunduma mwenyewe. Simfukwe hakuniruhusu nimsomee. Aliichukua kwa karani wa kizuizini akamsomea, akarudi, akanywa chai, kisha akaipeleka kwa mwenye duka upande wa pili wa barabara na huyo naye akamsomea, bila kumwambia kwamba imekwisha kusomwa. Maneno yalipolingana, akaifunga kwenye kitambaa. Nilidhani atarudi Mbozi kutafuta kazi. Hakurudi. Alisema hataki tena jiko ambalo mtu anamhesabia pumzi. Mama Ana akauza mazao akamfuata.

Tangu hapo kila Mwaka Mpya nilikwenda kwake siku chache, na aliyokuwa amenifundisha nikiwa naangalia kikapu alinifundisha upya. Kupima unga kwa kikombe kimoja kilekile. Kupika kidogo mara mbili badala ya kingi mara moja. Kuuliza mtu ana njaa kiasi gani kabla ya kumpakulia, na kumpa nafasi ya kuongeza. Maharage yaliyobaki jioni kuyachanganya na mahindi ya kesho yawe kande. Lakini hakuniacha peke yangu na sufuria hata dakika. Nikikoroga, amesimama nyuma yangu. Nikipakua, anatazama upawa. Nilikuwa najua mahali nilipoununua wasiwasi ule.

Mwaka wa tatu hoteli ilijaa kuliko siku zote. Watu walisimama hadi barabarani. Nduguze Simfukwe waliovuka kutoka ng'ambo walikuwa wanamwita nje awasalimu, naye anawajibu kwa kelele kwamba ana kazi. Mara akanigeukia, akanipa upawa, akafuta mikono kwa aproni na kutoka. Sikuona akigeuka kutazama. Nilisikia sauti yake barabarani, anacheka na watu wake.

Niliwalisha wote. Nilimuuliza kila mmoja, nikapima kwa jicho, nikabakiza kwa wanaochelewa, nikawapa waliochelewa. Mtu wa mwisho alifuta mchuzi chini ya sufuria kwa tonge, na sahani ya mzee nilikuwa nimeifunika kando. Aliporudi hakutazama sufuria. Aliketi, akafunua sahani yake, akaniangalia nilivyosimama.

"Wewe umekula?"

Sikuwa nimekula. Nilihesabu watu wote waliokuwa ndani na nje, sikujihesabu mimi. Nikamwambia hakikubaki kitu.

"Kosa hilo," akasema. Akamega ugali wake katikati, akanisogezea nusu pamoja na kipande kikubwa cha nyama, akahama kwenye benchi nipate nafasi ya kukaa.